Mwanamke aliyetoka jela na dawa za kulevya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanawake wanaokaribia kuachiwa, waliotoka juzi, na mama au dada zao wanaowasubiri nyumbani. Tumeanza na siku za mwanzo. Yanayowapata wachache yako mwishoni. Jibu linapogusa swali jingine, utaelekezwa huko.

## Siku za mwanzo

Nimekaa ndani miaka miwili bila kugusa kitu. Si nimeshapona?

Umepumzika, na mapumziko hayo ni mtaji. Uzito umerudi, ngozi imetulia, pengine umeanza kucheka tena. Lakini miaka yote hiyo kuna mtu aliyekuamulia uamke saa ngapi, ule nini na uonane na nani. Unga, yaani heroini, haukuwepo, au ulipatikana kwa shida na kwa gharama. Kazi ya kuukataa huku upo hatua chache kutoka mlangoni bado hujaifanya hata siku moja.

Mtafiti Lee Robins alifuatilia wanajeshi wa Marekani waliozoea heroini wakiwa vitani Vietnam. Waliporudi kwao mwanzoni mwa miaka ya 1970, wengi hawakurudia uraibu, na watu walishangaa. Sehemu ya maelezo ni kwamba walitumia mahali pamoja, wakaja kuishi mahali pengine kabisa, pasipo na kijiwe cha zamani wala muuzaji anayewajua kwa jina. Safari yako ni kinyume chake. Uliacha ukiwa mbali, sasa unarudi palepale ulipokuwa unatumia, na ubongo unapakumbuka: ile kona, ile sauti, ule mlio wa kiberiti. Wapo wanaotokwa jasho na kuumwa tumbo gari likikaribia mtaa wao, baada ya miaka bila kutumia. Hali hiyo haimaanishi kwamba umeshindwa, ila usiende huko peke yako wala bila sababu.

Kwa nini kila mtu anatutisha na wiki mbili za kwanza?

Kwa sababu ndizo zinazoua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulifuatilia watu 30,237 walioachiwa kutoka magereza ya jimbo la Washington, Marekani. Katika wiki mbili za kwanza, hatari yao ya kufa ilikuwa mara 12.7 ya wakazi wengine wa jimbo hilo. Kwa vifo vya kuzidisha dawa peke yake, ilikuwa mara 129. Ufuatiliaji wa jimbo hilohilo uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa wanawake walioachiwa walikuwa na hatari kubwa ya kufa kwa kuzidisha kuliko wanaume walioachiwa.

Mtu anayetumia unga kila siku hujenga ustahimilivu, na kiasi ambacho kingemuua mgeni yeye anakimudu. Wiki chache bila kutumia zinatosha kuushusha ustahimilivu huo, lakini mkono haujasahau kipimo. Anachukua kilekile alichotumia siku ya kukamatwa, kwa kuwa ndicho anachokijua, na pumzi inasimama. Isitoshe, mzigo wa mitaani hubadilika. Katika baadhi ya nchi sasa unachanganywa na fentanili, ambayo ni kali kuliko heroini mara nyingi, na kwa macho huwezi kuitofautisha.

Siku yenyewe ya kutoka nifanye nini?

Mipango ya siku hiyo ifanywe ukiwa bado ndani. Nani atakuja kukupokea, atafika saa ngapi, na asipofika utakwenda wapi? Utalala wapi usiku wa kwanza? Usijibu "nitaona." Wanaojibu hivyo ndio jioni huonekana kijiweni, kwa sababu kijiwe hakina mlango wa kugonga.

Angalia kitakachokuwa mkononi mwako getini: mfuko wa nguo zilizokaa stoo, simu isiyo na chaji, na pesa kidogo zilizokuwa zimetunzwa. Hizo pesa taslimu, pamoja na njaa na saa tatu za kumsubiri mtu ambaye hatokei, zimewarudisha wengi kabla jua halijazama. Basi anayekupokea ashike pesa siku hiyo, mnunue chakula kwanza, na njia ya kwenda nyumbani isipite kulikozoeleka hata kama ndiyo fupi. Namba mbili tatu za simu ziandike kwenye karatasi.

Sherehe ya kukukaribisha isubiri. Watu wengi, muziki na chupa mezani katika siku ambayo hata kelele za barabarani zinakushtua ni mzigo, ingawa wanaoiandaa wanakupenda.

Nina haki ya kudai nini kabla sijaachiwa?

Sheria hutofautiana nchi hadi nchi. Kuna hata hivyo Kanuni za Bangkok, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2010, zinazohusu wafungwa wanawake. Zinataka magereza yatoe au yawezeshe tiba ya uraibu iliyopangwa kwa ajili ya wanawake, izingatie ukatili waliopitia, mimba na watoto, na zinataka msaada wa kiafya, kisheria na kisaikolojia uendelee baada ya kuachiwa kwa wanaouhitaji. Si kila gereza linazitekeleza, lakini ni vizuri kuzitaja unapoongea na ustawi wa jamii au wakili.

Omba mambo matatu kwa maandishi: muhtasari wa matibabu yako, barua ya rufaa kwenye kliniki iliyo karibu na utakakoishi, na dawa za kutosha hadi siku ya kufika huko.

## Mwili, hamu na dawa

Arosto, yaani mwili kuumwa kwa kukosa dawa, iliisha zamani. Mbona bado silali na kila mtu ananiudhi?

Ile ya kutapika, kuharisha na mifupa kuuma kwa unga huisha ndani ya wiki moja hivi. Nyuma yake hubaki ndefu na ya kimyakimya: usingizi wa vipande, hasira za ghafla, na hali ya kutofurahia chochote. Inaweza kuendelea kwa miezi. Kwa aliyekuwa ndani kuna la ziada. Amezoea taa zisizozimwa na kelele za wenzake, na chumba chenye giza na ukimya kinamkosesha usingizi.

Hapa ndipo jirani mwema anapokupa kidonge chake cha Valium. Usikipokee. Vidonge vya jamii hiyo vina uraibu wake, na vikikutana na unga, metadoni (dawa ya kutibu uraibu wa unga) au pombe huua kwa kuzima pumzi. Kama usingizi umegoma kabisa mwambie daktari historia yako yote, kwani zipo dawa zisizo na mtego huo.

Hamu ikinipanda ghafla, inadumu muda gani?

Mara nyingi dakika chache, na ni nadra kuzidi nusu saa ikiwa huitilii kuni. Kuitilia kuni ni kukaa peke yako ukikumbuka ile ladha, kufungua namba ya muuzaji "niangalie tu kama ipo," au kupita kule "nisalimie tu." Namba hiyo ifutwe leo. Tena, kama muuzaji ana namba yako, badilisha laini.

Jifunze saa zako. Kuna ambao hamu huwajia siku ya kupokea pesa, wengine siku mbili tatu kabla ya hedhi, wengine kila baada ya kuzungumza na mtu fulani kwenye simu. Ukishaijua saa yako, ipangie mtu au kazi mapema. Kuosha vyombo ukiwa kwenye simu na dada yako kunatosha kabisa, na hakuna sababu ya kutafuta mbinu ya kitaalamu kuliko hiyo.

Metadoni si kubadilisha dawa moja kwa nyingine?

Hili ndilo swali linalogombanisha familia, na tutasema msimamo wetu wazi: kwa aliyekuwa anatumia unga, metadoni au buprenofini ni miongoni mwa vitu vichache vilivyothibitika kupunguza vifo. Kumkataza mtu kwa jina la "usafi" ni kumweka katika hatari iliyoelezwa kwenye swali la wiki mbili za kwanza.

Metadoni kwa ajili ya uraibu ilianza kujaribiwa New York katikati ya miaka ya 1960 na Vincent Dole na Marie Nyswander. Shirika la Afya Duniani liliiweka pamoja na buprenofini kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Dozi iliyopangwa vizuri inakaa mwilini siku nzima. Haikupandishi wala kukuangusha, arosto haiji, na akili inabaki huru kufikiria ada za watoto au kikao cha kesho. Anayetumia unga huamka anatafuta, na siku nzima huishia hapo. Wanaosema ni kitu kilekile hawajaishi nyumba moja na watu wa aina zote mbili.

Kikubwa ni kuanza kabla ya kutoka. Magereza ya Rhode Island, Marekani, yalianza mwaka 2016 kuwapa wafungwa tiba hii na kuwaunganisha na kliniki za nje. Ukilinganisha nusu ya kwanza ya 2016 na ya 2017, vifo vya kuzidisha miongoni mwa watu waliokuwa wametoka karibuni vilishuka kutoka 26 hadi 9.

Ipo pia naltreksoni, inayozuia unga usifanye kazi. Inawafaa baadhi, lakini haianzwi mpaka mwili uwe safi siku 7 hadi 10. Nguvu yake ikiisha unabaki bila ustahimilivu wowote, kwa hiyo anayeiacha bila kumwambia daktari yuko kwenye hatari ileile ya aliyetoka jela jana.

Nilikuwa natumia kokeini (au methi, yaani methamfetamini), si unga. Kuna dawa ya kunywa?

Hakuna dawa iliyothibitishwa kwa hizo kama metadoni ilivyo kwa unga. Kinachosaidia zaidi ni ushauri nasaha wa mara kwa mara, na mpango ambapo kila kipimo kisafi hulipwa zawadi ndogo ya papo hapo. Watu huucheka mpango huo wa zawadi, lakini matokeo yake ni mazuri kuliko ya njia nyingine nyingi. Na fentanili hukutwa hata kwenye kokeini, kwa hiyo soma pia swali la naloksoni.

Pombe kidogo, au bangi, zina ubaya gani?

Kwa wengi pombe ndiyo njia ya kurudia. Kukata kauli ya kununua unga ukiwa na akili timamu ni vigumu. Baada ya chupa mbili ni rahisi. Pombe pamoja na metadoni ni hatari kwa pumzi. Kama kabla ya kufungwa ulikuwa unakunywa kila siku na sasa umeanza tena hivyo, usiache ghafla peke yako. Arosto ya pombe, tofauti na ya unga, inaweza kuleta degedege na kuua. Bangi haisimamishi pumzi, lakini huonekana kwenye mkojo kwa wiki kadhaa kwa aliyekuwa anavuta sana, na kifungo cha nje kinaweza kufutwa kwa hilo peke yake.

Nakunywa metadoni kila siku, nimeanza dawa za kifua kikuu, na arosto imerudi. Nimefanyaje?

Hujafanya kitu. Rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu, hulifanya ini liivunje metadoni haraka, na dozi iliyokutosha jana leo haifiki jioni. Baadhi ya dawa za VVU, zikiwemo efavirenzi na nevirapini, hufanya vivyo hivyo. Kifua kikuu kinapatikana sana magerezani, kwa hiyo jambo hili si la kubahatisha. Nenda kliniki zote mbili na vidonge vyako mkononi, dozi ya metadoni ipandishwe. Usiache dawa za kifua kikuu, wala usijazie upungufu kwa kununua mtaani. Na siku matibabu ya kifua kikuu yakiisha, warudie watu wa metadoni, maana dozi iliyopandishwa sasa itakuwa kubwa mno.

Rifampisini inadhoofisha pia vidonge vya uzazi wa mpango. Ni mara chache mtu kuambiwa hilo.

Naloksoni ni nini, na nani akae nayo?

Ni dawa inayomwamsha aliyezidisha unga au dawa za jamii hiyo. Hupulizwa puani au hudungwa kwenye msuli wa paja. Akae nayo yule unayeishi naye, kwa kuwa aliyezidisha hawezi kujipa mwenyewe. Scotland ilianza mpango wa kitaifa mwaka 2011 wa kuisambaza, ikiwemo kuwapa wafungwa wakati wa kutoka. Uliza kama kwenu inatolewa.

Dalili ni hizi: haamki hata ukimsugua kifuani kwa vifundo vya ngumi, anakoroma kwa kubanwa, midomo inabadilika rangi, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya pini. Ita msaada wa dharura, mpe naloksoni, mpulizie pumzi kama unajua, na asipoamka baada ya dakika mbili tatu mpe nyingine. Akiamka usimwache. Nguvu yake hudumu dakika 30 hadi 90, na alichotumia kinaweza kubaki mwilini muda mrefu zaidi ya hapo, akazama tena. Haimwamshi aliyelewa pombe au Valium peke yake, ila ukikosea ukampa haitamdhuru.

Ndugu wengi husema kuweka naloksoni ndani ni kumruhusu atumie. Mwenye kizimamoto jikoni hajaruhusu nyumba iungue.

## Mimba na watoto

Sijaona hedhi kwa muda mrefu. Bado naweza kushika mimba?

Ndiyo. Unga huvuruga mzunguko hata hedhi ikakatika, na ukiacha, mwili hujirudi. Yai hutoka kabla ya hedhi ya kwanza, kwa hiyo unaweza kushika mimba bila kuona dalili yoyote. Wanawake wengi hushtukia hivyo miezi ya mwanzo baada ya kutoka. Kama hutaki mimba sasa, zungumzia uzazi wa mpango kabla ya kutoka getini.

Nina mimba na nimerudia kutumia. Niache leo leo?

Usiache unga ghafla peke yako. Arosto kali si salama kwa mimba, na wanaojaribu hivyo wengi hurudia, safari hii wakiwa na ustahimilivu mdogo. Tiba inayopendekezwa ni metadoni au buprenofini pamoja na kliniki ya wajawazito. Miezi ya mwisho dozi huenda ikahitaji kupandishwa kwa sababu damu na maji vimeongezeka mwilini, na kupandishwa huko hakumaanishi uraibu umezidi.

Mtoto anaweza kuzaliwa na arosto. Hali hiyo inatibika, na kumbeba ngozi kwa ngozi humtuliza sana. Mama aliyetulia kwenye metadoni anashauriwa kunyonyesha, isipokuwa kuna sababu nyingine ya kumzuia, na maziwa hayo hupunguza ukali wa arosto ya mtoto.

Hofu ya kunyang'anywa mtoto huwafanya wengi wasihudhurie kliniki kabisa. Sheria za ulinzi wa mtoto si sawa kila mahali, lakini kadi ya kliniki iliyojaa mihuri ni ushahidi upande wako, na kadi tupu humpa hoja anayetaka kumchukua.

Watoto wangu wamelelewa na mama yangu. Niwachukue mara tu nikitoka?

Mahakama, majirani na moyo wako vitakusukuma uwachukue wote, haraka, uonekane umebadilika. Tumeona kasi hiyo ikiwaangusha wanawake kuliko kijiwe. Mtu ambaye bado hajui atalala wapi mwezi ujao anapewa watoto watatu, mmoja wao anamwita bibi "mama" na hataki kuguswa. Usiku, watoto wakilala, uchungu ule hauna pa kwenda.

Anza na kilicho kidogo lakini hakikosekani. Kama umesema Jumamosi saa nne, fika Jumamosi saa nne, hata ukiwa mikono mitupu. Mtoto wa miaka saba hapimi zawadi. Anapima kama ulikuja. Hasira yake itatoka, mara nyingi pale utakapokuwa umeanza kuaminika, kwa sababu ndipo anapojisikia salama kukasirika. Usimlipe kwa vitu wala usimlaumu bibi. Akiuliza ulikuwa wapi, mwambie kweli kwa kiasi cha umri wake. Watoto hujua zaidi ya tunavyodhani, na uongo wa "nilisafiri" huja kuvunjwa na mtoto wa jirani.

Kwa bibi nawe una deni la heshima. Kaeni mkubaliane nani anaamua nini kuhusu shule, adhabu na chakula kabla hamjagongana mbele ya watoto.

## Mwanaume, ndugu na marafiki

Sina pa kulala isipokuwa kwa mwanaume niliyekuwa natumia naye. Ameniambia ameacha.

Pengine ameacha kweli. Lakini fikiria mlivyokuwa. Wanawake wengi walidungwa mara ya kwanza na mwenza, sindano ikipita kwake kwanza kisha kwao, na pesa yote mikononi mwake. Mwanamke wa namna hiyo hajawahi kuishi na huyo mtu bila unga katikati yao, na wala hajui kama bila unga kuna kitu kilichobaki. Wiki mbili za kwanza si wakati wa kwenda kujua.

Tafuta pengine, hata pabaya kidogo: godoro sebuleni kwa shangazi, nyumba ya mpito, soba (nyumba ya wanaoacha dawa) ya wanawake. Soba iwe ya wanawake kweli. Nyumba za mchanganyiko zina wanaume wanaowawinda waliotoka juzi. Kama ni lazima uende kwake, basi awepo mtu mwingine anayejua uko huko na anayekupigia kila siku saa maalumu, funguo uwe na zako, na dawa zako usimpe akutunzie. Akiwa anakupiga, hilo si suala la uraibu tena. Kimbilia nyumba salama au polisi kabla ya kufikiria kikundi cha ushauri.

Njia pekee ya pesa niliyoijua ni kuuza mwili, na siwezi kufanya hivyo bila kutumia. Nifanyeje?

Umeshaliona tatizo lilivyo: viwili hivi vimefungwa pamoja, na kuacha kimoja huku kingine kinaendelea kunawashinda wengi. Ukienda kwa mshauri, mwambie hivyo hivyo, maana akidhani shida yako ni unga peke yake atakupa jibu la nusu. Kipato kidogo cha uhakika, hata cha kufua au kusafisha, kinafaa kitafutwe wiki ileile ya kuanza tiba. Kama kwa sasa huna njia nyingine, pima VVU, homa ya ini na magonjwa ya zinaa, ulizia dawa kinga ya VVU, na usiende mahali ambapo hakuna mtu anayejua uko. Homa ya ini aina ya C siku hizi hupona kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12.

Mimi ni mama yake. Nimpekue mkoba? Nimnyime pesa?

Pesa taslimu nyingi usimpe mwanzoni, na mkubaliane hivyo yeye akiwepo, si kwa kumvizia. Nunueni mahitaji pamoja. Kupekua kila siku hakujawahi kumzuia mtu. Kunamfundisha kuficha vizuri, na kunamkumbusha upekuzi wa kuvuliwa nguo alioutoka juzi. Weka masharti machache unayoweza kuyasimamia: hakuna kutumia ndani ya nyumba, hakuna wageni usiowajua, kliniki isikose. Na kila akichelewa kurudi usimsalimie kwa macho ya kumkagua. Analiona hilo kabla hujafungua mdomo.

Rafiki yangu wa karibu ni niliyefungwa naye. Masharti ya kuachiwa kwangu yanasema nisionane naye.

Yasome vizuri, kwa sababu masharti mengine yanakataza kila mwenye kosa. Unaweza kuomba ruhusa kwa maandishi, hasa mkikutana kwenye kikundi rasmi. Vikundi vya Narcotics Anonymous, vya waraibu wanaosaidiana kuacha, vilivyoanza California mwaka 1953, vimejaa watu wenye historia kama yenu, na maofisa wengi huviruhusu. Tafuta kikao cha wanawake kama kipo. Kuna mambo hutayasema mbele ya wanaume.

## Vipimo, kuteleza, na yanayowapata wachache

Nimetumia mara moja tu. Je, yote yameharibika?

La. Kinachomharibia mtu mara nyingi ni fikra inayofuata: "Nimeshaharibu, heri nimalizie." Aliyeteleza mchana akampigia mtu jioni yuko tofauti kabisa na aliyejificha wiki nzima. Rudi kliniki kesho yake. Siku hizi mbili tatu ustahimilivu wako bado uko chini, na hatari ni ile iliyoelezwa juu kwenye wiki mbili za kwanza. Ukiona utatumia tena, basi usiwe peke yako, na aliye nawe awe na naloksoni na akili timamu.

Kumwambia ofisa wa uangalizi ni suala jingine. Kuna mahali ambapo kusema mwenyewe kunakupeleka kwenye tiba, na kuna mahali kunakurudisha ndani. Ongea na wakili au mshauri kwanza, lakini kumbuka kwamba mshauri wa kliniki ya mahakama huenda analazimika kutoa taarifa. Muulize hilo kabla ya kumsimulia.

Kipimo cha mkojo kimeonyesha nimetumia, na sijatumia.

Kipimo cha haraka hukosea. Dawa za kikohozi zenye kodeini huonyesha afyuni, mbegu za mpopi zilizookwa kwenye mkate huweza kuonyesha hivyo pia, na baadhi ya dawa za mafua huonyesha kama amfetamini. Omba mkojo uleule upimwe upya maabara kwa kipimo cha kuthibitisha, ambacho hutofautisha heroini na kodeini. Omba siku hiyohiyo, kwa maandishi, kabla sampuli haijamwagwa. Taja dawa zote unazotumia kabla ya kila kipimo. Kuzitaja baada ya majibu huonekana kama kujitetea.

Ninafanyiwa upasuaji. Watanipa dawa za maumivu za jamii ya unga?

Huenda, na maumivu yasiyotibiwa nayo humrudisha mtu kwenye kutumia. Mwambie daktari wa usingizi mapema kuhusu historia yako, na kama uko kwenye metadoni dozi ya kila siku kwa kawaida huendelea. Ukirudi nyumbani, vidonge vya siku chache vitunzwe na mtu mwingine akupe kimoja kimoja, na vilivyobaki virudishwe duka la dawa.

Mimi nilianzia kutumia jela. Nje sikuwahi kugusa. Bado yananihusu?

Yanakuhusu, na una nafuu moja: mtaa wako hauna kumbukumbu ya unga. Shida yako ni kwamba familia haijui, na unatamani isijue. Chagua mtu mmoja wa kumwambia. Pima pia VVU na homa ya ini, kwa sababu sindano za ndani hupita mikono mingi.

Niliachiwa ghafla mahakamani, bila barua wala dawa, na nimekosa metadoni siku nne. Nikipata kliniki ninywe dozi yangu ya zamani?

Hapana, hata kama muuguzi anakufahamu na dozi yako ameishika kichwani. Ukikosa siku tatu au zaidi, ustahimilivu unakuwa umeanza kushuka na dozi lazima ipangwe upya kuanzia chini. Waambie siku sahihi uliyokunywa mara ya mwisho na chochote ulichotumia katikati, hata kama ni kidonge cha usingizi. Waombe wapigie simu zahanati ya gereza kuthibitisha. Kama kliniki imefungwa kwa wikiendi, nenda hospitali kwenye kitengo cha dharura ueleze hivyo hivyo. Katika baadhi ya nchi wanaweza kukupa dozi ndogo ya kukushikilia hadi Jumatatu.